Barua ya wazi: Machi mpaka Mei, tafadhali wekeni slasha chini

Kwa wakubwa zetu mnaosimamia bustani, mito na mabwawa ya Nairobi, kuanzia kaunti mpaka wizarani, na nyinyi mnaotia sahihi zile tenda za kusafisha hizo sehemu,

Salamu kwenu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Eastlands, nafanya kazi ya hesabu kwa duka la vifaa vya ujenzi huko tao, na siku zangu za kupumzika natazama ndege. Sina cheo popote na sijatumwa na chama chochote, naandika juu ya kitu nilikiona mwezi wa nne mwaka jana na mpaka sai kimekataa kunitoka kichwani.

Kuna bustani moja ya umma siitaji jina, juu sitaki mtu wa chini apoteze kibarua kwa sababu ya barua yangu. Kwa kona yake ya chini kunapita kijito, kando ya kijito kuna matete na migunga miwili iliyoinamia maji, na kila mwaka mvua ikianza tu kina mnana, wale ndege wa kusuka viota, wanakuja kujenga hapo, kelele yake unaiskia kabla hujafika kwa kona. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, nilikuwa na kijana wangu wa miaka tisa, amebeba daftari lake la ndege na mkate kwa mfuko. Tulipokaribia hatukuskia mnana, tulisikia msumeno wa injini. Tukapinda kona tukakuta matete yote yamelala chini, mgunga mmoja umetolewa matawi yote ya upande wa maji, na viota vimetapakaa kwa matope kama mtu amemwaga vikapu vya sokoni. Nilihesabu 31 halafu nikaacha kuhesabu.

Kijana akaokota kimoja. Kilikuwa bado kibichi kabisa, yale majani bado ya kijani, maana yake dume alikuwa ametoka kukisuka jana ama hiyo asubuhi yenyewe. Akaokota kingine akasema mama hiki ni kizito. Akaingiza kidole polepole kwa ule mlango wa chini akatoa yai moja la samawati, dogo, safi, halina hata doa, na akaniwekea kwa kiganja bila kusema kitu. Lilikuwa bado na joto. Nimejaribu kuelezea watu hiyo joto na siwezi, unaisikia kwa mkono na unajua kabisa hakuna kitu utafanya, mama yake yuko juu ya waya ya stima anapiga kelele na wewe umesimama hapo na yai.

Nikamwendea yule baba aliyekuwa anaongoza kazi. Nikamwambia, "Baba, pole na kazi, lakini hawa ndege si mngewangojea tu kidogo?" Akazima msumeno, akaniangalia, akaangalia yule mtoto, akasema, "Mathe, mimi sina ubaya na ndege. Tumeambiwa pasafishwe kabla ya Jumatatu kuna wageni. Nisipomaliza mimi na hawa vijana hatulipwi." Nikamuuliza kama kuna mtu yeyote alimwambia angalieni viota kwanza. Akasema, "Hakuna aliyeuliza." Alisema ukweli na simlaumu hata kidogo, alikuwa amevaa gambuti zimepasuka na bado alizima mashine yake kunisikiliza. Nawalaumu nyinyi, kwa heshima zote, juu ile karatasi iliyomtuma pale iliandikwa kwa meza na mtu ambaye hakuwa anajua mwezi wa nne ni mwezi gani kwa ndege, na hakukuwa na mahali kwa hiyo karatasi pa kuandika viota.

Kwa hivyo wacha niwaambie ni mwezi gani.

Huko Ulaya Machi mpaka Mei ndio majira yao ya kuchipua, baridi imeisha, na watu wanatoka na darubini kwa mabustani ya miji yao na kwa vinamasi vya karibu kungoja ndege warudi, mbayuwayu wa kwanza akionekana watu wanapigiana simu. Sasa hao mbayuwayu hawajatoka mbinguni. Wametoka huku Afrika, wengine kwetu hapa. Wamekuwa na sisi tangu mwezi wa kumi hivi, wanakula wadudu wetu, wanalala kwa matete yetu, na Machi ikifika wanaanza kujaza tangi ya safari. Kuna kandege kamoja kanapenda sana migunga, mgongo rangi ya majani yaliyofifia na kifua manjano ya mbali, ukikaangalia haraka utadhani ni jani limetikisika. Uzito wake ni kama gramu 10, yaani vijiko viwili vidogo vya sukari. Wengine wa aina yake wanaenda kuzaa mpaka Siberia. Mbele yao kuna jangwa letu la kaskazini, kuna Bahari ya Shamu, kuna Uarabuni, na wengi wao wanasafiri usiku, kwa hivyo lazima wale sana kabla ya kutoka, kuna wahamaji ambao uzito unakaribia kuwa mara mbili kwa wiki chache tu. Hicho chakula wanakipata wapi? Ni wadudu wadogo wadogo chini ya majani ya migunga, kwa matete, kwa majani marefu kando ya maji. Pale pale mnapofyeka.

Halafu kuna yule wa kutikisa mkia, wa manjano, ambaye kila mtu wa Nairobi amemwona hata kama hajui amemwona, anatembea kwa nyasi fupi kama mtu ana haraka ya ofisi. Akija Oktoba na Novemba amechakaa, rangi ya vumbi. Ikifika Februari na Machi anabadilisha manyoya akiwa hapa hapa kwetu, na unamwona wiki kwa wiki vile manjano inaingia, mpaka anawaka kama ua, halafu siku moja unafika na hayuko. Nguo ya harusi anashonewa Nairobi na harusi iko Urusi huko. Hii imenifurahisha kila mwaka tangu nianze na bado.

Na keremkerem, wale ndege wa kula nyuki, wanapita juu mwishoni mwa Machi na Aprili kwa vikundi, unaskia sauti yao laini juu ya estate kabla hujawaona, watu wako kwa foleni ya maji na hakuna anayeinua kichwa. Na tai wa nyika za Asia, ambao sai wako kwa orodha ya walio hatarini duniani, nao wanarudi kaskazini miezi hiyo hiyo wakizunguka kwa hewa ya moto juu ya Ngong Hills.

Hao ni wa kuondoka. Sasa kwa wiki zile zile wenyeji wetu wanaanza kuzaa, juu masika imefika. Kumbikumbi wanatoka kwa udongo na kila ndege anakula mpaka anachoka, majani yanakuwa marefu na laini ya kusukia, wadudu wa kulishia watoto wamejaa. Mnana dume anaanza na kamduara kamoja tu ka majani, anasimama ndani yake na kusuka kwenda mbele, anafunga fundo kwa mdomo, ni fundo kweli, anapitisha jani chini anavuta juu. Jike anakuja kukagua, anaingia, anavutavuta, asiporidhika anaenda zake na yule dume mara nyingi anakibomoa chote na kuanza upya. Kuanzia yai kutagwa mpaka mtoto aruke ni kama wiki tano. Wiki tano jameni! Hatuombi miaka.

Na kwa majani marefu ya wazi kuna wale weusi wenye mkia mrefu kupita mwili, wakati wa kiangazi wanakaa kama shomoro wa kawaida huwezi kuwatofautisha, masika ikifika dume anavaa nyeusi na mkia, anapaa polepole juu ya nyasi kama anaburuta kitambaa. Kuna jamaa yao mmoja anayepatikana nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania peke yake, dume anatengeneza kauwanja kake kwa nyasi na kuruka juu chini juu chini siku nzima kuita majike. Kwa nyasi iliyofyekwa hawezi kufanya hivyo, anaenda zake ama hazai huo mwaka.

Kwa hivyo wahamaji wanajaza tangi na wenyeji wanazaa, mahali pamoja, miezi mitatu, na ndio hiyo miezi mitatu kazi ya kufyeka inakuwa kali kuliko mwaka mzima. Nimefikiria sana kwa nini. Moja ni wazi, mvua inaotesha majani na mtu akiona majani anataka kukata. Ya pili, mimi nikiwa mtu wa hesabu, nadhani ni kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni, pesa ambayo haijatumika inarudi, kwa hivyo Aprili na Mei kila mtu anakimbia kumaliza kazi ilikuwa ifanywe Januari. Kama ni hivyo basi hakuna adui wa ndege hapa, kuna kalenda mbaya tu, na kalenda nyinyi ndio mko na kalamu yake.

Mimi sikuzaliwa nikijua haya. Nilijifunza kwa matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, shirika la wapenda mazingira, yale yanaanzia pale makumbusho ya taifa, Fleur Ng'weno aliyaanzisha 1971 na yameendelea miaka yote hiyo, serikali zimebadilika na watu bado wanakutana Jumatano na darubini. Nilienda mara ya kwanza nikiwa likizo, sina darubini, nikadhani ni ya wazungu na wenye magari. Nikakuta wanafunzi, wastaafu, vijana wanaosomea kazi ya kuongoza watalii, mtu akanipa darubini yake bila kuniuliza jina. Siku hiyo nilionyeshwa chozi akinywa kwa ua, yule ndege mdogo wa kung'aa, na nikagundua nimempita kila siku ya maisha yangu. Nilikuwa na miaka 31.

Nairobi imerekodi zaidi ya aina 600 za ndege, na Kenya nzima zaidi ya 1,100. Orodha ya Uingereza nzima, pamoja na wale waliopotea njia wakaonekana mara moja tu, nayo iko kwa 600 na kitu. Yaani kaunti yetu moja inakaribiana na nchi nzima ambayo watu wake wananunua tiketi ya ndege kuja kutazama ndege wetu. Sababu moja ni Nairobi National Park, imekuwa pale tangu 1946, lakini sababu kubwa nyingine ni kwamba tumekaa mahali msitu wa milimani unakutana na mbuga, na katikati ni maji. Jina lenyewe la mji ni la Kimaasai, maji baridi. Reli ilipofika 1899 hapa palikuwa kinamasi. Vile vipande vya matete vilivyobaki kwa kona za bustani na kando ya mito ndio mabaki ya Nairobi ya kwanza, na ndivyo tunavyoita uchafu.

Hapo ndio shida iko, kwa hilo neno usafi. Kusafisha kwa lugha ya tenda imekuwa ni kufyeka, kupogoa, kumwaga kabro, kupanda nyasi ya kuagiza na minazi ya mapambo, halafu mkebe wa taka unakaa pale haujamwagwa wiki mbili. Mimi naomba usafi kuliko nyinyi, amini. Naomba mtoe plastiki, chupa, nguo kuukuu, sindano, pampasi, yale mafuta meusi yanatiririka kutoka gereji. Hizo zitoeni hata Aprili, hata leo. Lakini tete si takataka. Tete linakamata tope, linapunguza kasi ya maji, linachuja uchafu kidogo kabla haujaenda mbele, na likikatwa na mvua ya masika ikaja, ule ukingo unabomoka, mliona wenyewe 2024 mito ilifanya nini. Mtu anayefyeka ukingo wa mto mwezi wa nne anaondoa nyumba ya ndege na pia anaondoa kizuizi cha mafuriko, siku moja, kwa slasha moja.

Wacha niwapeleke Ruai kidogo kwa sababu wengi wenu mkisikia Dandora mnafikiria dampo. Mabwawa ya maji taka ya Dandora hayako kwa dampo, yako Ruai, unashuka Kangundo Road, na yanatambuliwa kimataifa kama eneo muhimu la ndege. Ndio, ni maji taka ya mji wetu. Yanapita bwawa moja mpaka lingine, jua na mwani na bakteria wanafanya kazi yao polepole, na yakifika mabwawa ya mwisho yamejaa wadudu wadogo na vijidudu, na hapo ndege wanashuka. Nilienda Machi na kikundi, kwa mpango na ruhusa, na harufu unaizoea kwa dakika kumi. Bata wa kaskazini wenye mdomo kama koleo walikuwa wachache, wengi wao walikuwa wameshaenda. Mwari wanne. Wale wa miguu mirefu ya pinki wenye nyeusi na nyeupe, hawakosi. Kwa ukingo wa matope kulikuwa na ndege wanaokuja kutoka kaskazini mwa Ulaya na Urusi, ambao madume yao yakifika kwao yanaota kola kubwa ya manyoya shingoni ya kupigania majike, na tukaona kadhaa ambao tayari madoa meusi na ya kahawia yalikuwa yanaanza kuingia kifuani. Mbayuwayu walikuwa wanapita chini kiasi unaskia mabawa. Nilikaa hapo masaa matatu na sikutaka kurudi nyumbani.

Nawaomba kwa hayo mabwawa kitu kimoja. Siku mtakapokaa kupanga ukarabati ama upanuzi, muite watu wa ndege kwa meza kabla ya mchoro kukamilika. Bwawa lenye ukingo wa mteremko mdogo na matope linalisha maelfu, bwawa la ukuta wa saruji uliosimama wima halilishi mtu, na sidhani tofauti ya bei ni kubwa.

Nairobi Dam sitasema mengi, inaniuma. Ilijengwa 1953, wazee wanasema mashua zilikuwa zinashindana pale, leo ukisimama upande wa Lang'ata unaona gugumaji na taka. Gugumaji ni mgeni kutoka Amerika Kusini na kulitoa naunga mkono asilimia mia, hata mwezi wa nne, mradi mtofautishe gugumaji na matete na mafunjo ambayo ni ya hapa. Mtu wa mashine hatofautishi kama hajaelezwa. Ondiri kule Kikuyu, ambako mto Nairobi unaanzia, na Manguo kule Limuru ni Kiambu si Nairobi, najua, lakini ndege hawajui mpaka wa kaunti na maji pia, kwa hivyo ongeeni na wenzenu. Kenya iliingia mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu 1990 na tuko na maeneo sita kwa orodha hiyo, Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo, Elementaita na delta ya Tana. Nairobi hatuna hata moja, na ndio mji wenye makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa.

Najua mtakachonijibu kwanza, kwa sababu nimejibiwa hivyo mara nyingi. Usalama. Vichaka vinaficha wezi. Mimi ni mwanamke, natembea na mtoto, nimeshaporwa simu, tena haikuwa kwa kichaka, ilikuwa kwa stage saa sita mchana na watu wamejaa, kwa hivyo hofu hiyo naielewa na siidharau. Lakini angalieni msitu wa Karura. Kuna wakati ulikuwa huwezi kuingia Karura peke yako, ilikuwa inajulikana kwa mambo mabaya. Kilichobadilisha Karura si kufyekwa. Msitu uko vile vile, umefunga, giza sehemu zingine, na Jumapili unakuta familia, wazee, watoto wa baiskeli, wasichana wanakimbia peke yao. Kilichobadilika ni ua, maskauti kutoka jamii za karibu, geti linalofanya kazi na watu wengi ndani. Mahali pakiwa na watu na mlinzi anayetembea panakuwa salama. Bustani iliyonyolewa ikiwa haina mlinzi jioni bado mimi siingii.

Ya pili ni mbu. Mbu wa estate wanazaliwa kwa makopo, mataairi, mitaro iliyoziba na matangi yasiyofunikwa. Kijito kinachotembea, chenye samaki wadogo na kereng'ende na mbayuwayu juu yake, si hapo pa kuanzia vita na mbu. Ya tatu ni nyoka, na hii nakubali, watu wanaogopa nyoka kweli, kwa hivyo kateni kando ya njia, mita mbili kila upande, mtu aone anapoweka mguu. Hiyo haimdhuru mnana.

Basi ninachoomba ni hiki. Kila tenda ya bustani na kingo za mito iandikwe kwamba kati ya tarehe moja Machi na mwisho wa Mei hakuna kufyeka matete wala majani marefu na hakuna kupogoa mti wenye viota, ila tawi linalotishia kuangukia watu. Kazi kubwa ya kukata iwekwe Januari na Februari mwanzo, ama Julai mpaka Septemba, na hata hapo mkate kwa vipande, nusu mwaka huu nusu mwaka ujao, wadudu na ndege wawe na pa kukimbilia. Pesa ya hiyo miezi mitatu iende kwa kuokota taka, vijana wale wale wapate siku zao za kazi, hakuna anayekosa mkate kwa sababu ya ndege. Mkipanda, pandeni migunga, mikuyu, mitoma na miti mingine yetu, mkuyu mmoja ukizaa unalisha ndege wa aina nyingi kuliko minazi mia ya mapambo. Na zile taa kubwa za kumulika bustani usiku kucha, mzizime ama mzielekeze chini hiyo miezi, kwa sababu wahamaji wanapita usiku na mwanga mkali unawapoteza.

Na mafunzo. Asubuhi moja tu kwa wasimamizi na mafundi wa slasha, wafundishwe kiota kinafananaje kikiwa kinatumika na kikiwa cha zamani. Kibichi ama cha kijani, ndege anaingia na kutoka na kitu mdomoni, acha. Hiyo ni dakika tano kujifunza. Wapenda ndege wa Nairobi watakuja kufundisha bila malipo, mimi nikiwa wa kwanza.

Mtu asiniambie haiwezekani hapa kwetu. Profesa Wangari Maathai alisimama 1989 wakati jengo la ghorofa 60 lilikuwa linaletwa ndani ya Uhuru Park, na halikujengwa, na miaka kumi baadaye akapigwa akitetea Karura, na Karura iko. Na juzi tu, 2020, barabara ya juu ikija Waiyaki Way, ule mti wa mugumo wa Westlands ulikuwa umeandikiwa kukatwa na ikatolewa amri kutoka juu kabisa uachwe, na ukaachwa, magari yanapita na mti uko pale. Barabara ya mabilioni ilipangwa upya kwa ajili ya mti mmoja. Mimi naomba slasha ingoje wiki kumi na tatu.

Nilirudi pale kwa kijito baada ya kama wiki tatu. Sikutaka, kijana alinivuta, alikuwa anataka kujua kama wamerudi. Mahali palikuwa pamekauka, udongo mwekundu wazi, mvua ilikuwa imeshachimba mifereji. Lakini kule mwisho, nyuma ya ule mgunga wa pili, kulikuwa na kipande cha matete hakijaguswa, kama ukubwa wa matatu mbili zimepaki. Nikashangaa. Yule baba alikuwa pale, anapalilia maua, akanitambua. Akasema, "Mathe, pale niliwaambia vijana waache. Kama ni makosa watanikata pesa." Ndani ya hicho kipande kulikuwa na viota saba na watoto wa ndege wanalia ndani ya vitatu. Kijana akaandika kwa daftari lake, tarehe, saa, mnana, 7, na chini akaandika jina la yule baba, ambalo siliandiki hapa.

Huyo mtu alifanya kwa hatari yake kitu ambacho nyinyi mnaweza kukifanya kwa karatasi moja.

Siku ya Ndege Wahamaji Duniani huwa ni Jumamosi ya pili ya Mei. Hiyo asubuhi nitakuwa kwa ile kona saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kelele ya magari. Yeyote kati yenu anayetaka kuja, awe mkubwa au karani, anitafute, darubini ninayo moja ya ziada, na chai ya thermosi tutagawana. Gambuti mtu aje na zake, kuna matope.

Ni mimi mkaaji wa Nairobi,
Mama wa Eastlands